Mfumo wa Faili wa Kusoma Tu: Ujenzi Wake Kama Moduli ya Kiini cha Linux

1. Utangulizi

Kompyuta inapozimika ghafla kwa sababu umeme umekatika, hasara inayoonekana mara moja ni ile kazi ambayo ilikuwa bado haijahifadhiwa. Hata hivyo iko hasara nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo haionekani upesi. Kila diski ina daftari lake la ndani, ambalo kompyuta hulitumia kukumbuka kila faili imewekwa wapi. Ikiwa daftari hilo lilikuwa likiandikwa upya wakati umeme ulipokatika, sehemu yake moja huwa mpya na nyingine hubaki ya zamani. Hapo faili ambazo hakuna aliyezigusa siku hiyo huweza kupotea pamoja na ile iliyokuwa ikiandikwa. Mifumo ya siku hizi huweka kumbukumbu ya kila badiliko ili kuipunguza hatari hiyo, lakini haiiondoi yote.

Iko aina ya mfumo wa faili ambayo haiingii kabisa katika hatari ya namna hiyo. Haiingii kwa sababu haijui kuandika. Huo ndio mfumo wa faili wa kusoma tu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mfumo wa namna hiyo unavyojengwa kama moduli ya kiini cha Linux, kwa kutumia mfano mmoja ulio wa kweli na ulio mdogo wa kutosha kuelezwa wote: mfumo uitwao romfs, ulioandikwa na Janos Farkas mwaka 1997 na kuingizwa katika Linux. Aidha, makala yanakusudia kuonyesha kwamba jambo hili, ambalo mwanafunzi wa Kongo kwa kawaida hulisoma kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, laweza kuelezwa kwa Kiswahili hatua kwa hatua, bila kuparukia mahali penye ugumu.

2. Istilahi zinazotumika

Mfumo wa uendeshaji ni programu kuu inayosimamia kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Sehemu yake ya ndani kabisa huitwa hapa kiini. Neno hilo lafaa, kwani katika yai kiini ndicho kilichozungukwa na vingine vyote, na katika hoja kiini ndicho kinachobeba maana. Kiini peke yake ndicho chenye ruhusa ya kugusa diski, kumbukumbu na vyombo vingine moja kwa moja. Programu za kawaida hazina budi kukiomba.

Moduli ni kipande cha programu kinachoweza kuunganishwa na kiini wakati kompyuta inafanya kazi, na kuondolewa baadaye, bila kuizima. Moduli ikishaunganishwa, huwa sehemu ya kiini, nayo hupata uwezo wote wa kiini. Hilo ni jambo la kukumbukwa daima: kosa katika programu ya kawaida huiangusha programu hiyo peke yake, ilhali kosa katika moduli huweza kuiangusha mashine nzima.

Faili ni mfululizo wa baiti wenye jina. Saraka ni orodha ya majina ya faili na ya saraka nyingine. Saraka ya kwanza, ambamo nyingine zote hutoka, huitwa mzizi. Kupachika ni kuuunganisha mzizi wa mfumo fulani wa faili na saraka iliyokwisha kuwapo, ili yaliyomo yaonekane hapo. Inodi ni kumbukumbu ambayo kiini hujiwekea kwa kila faili: aina yake, ukubwa wake, mwenyewe, na mahali data yake inapoanzia. Funksheni ni kipande cha programu chenye jina, kinachopewa thamani fulani na kurudisha jibu. Jina la faili halimo katika inodi. Jina limo katika saraka, na kwa sababu hiyo faili moja huweza kuwa na majina mawili au zaidi.

3. Mlango mmoja kwa mifumo mingi

Mtu anayefungua faili hajali kama faili hiyo imo katika diski ngumu, katika sidii, au katika kompyuta nyingine iliyo mbali. Programu yake hutumia maombi yale yale: fungua, soma, andika, funga. Jambo hili lawezekana kwa sababu ndani ya kiini mna tabaka moja linalosimama kati ya programu na mifumo ya faili. Wazo hilo lilienezwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani katika miaka ya 1980, nayo Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, ina tabaka la namna hiyo.

Tabaka hili halijui lolote kuhusu mpangilio wa baiti katika diski. Linachojua ni jedwali la nafasi. Kila mfumo wa faili hulikabidhi tabaka hilo majedwali kadhaa, na katika kila nafasi ya jedwali huwekwa funksheni ya mfumo huo: hii ya kutafuta jina katika saraka, hii ya kuorodhesha majina, hii ya kusoma ukurasa wa data, hii ya kuunda faili mpya, na kadhalika.

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hatashangazwa na mpango huu. Kitenzi cha Kiswahili nacho kina nafasi zilizopangwa: katika anakisoma, nafasi ya kwanza ni ya kiima, ya pili ni ya njeo, ya tatu ni ya yambwa, kisha hufuata mzizi na kiishio. Nafasi ya yambwa ikiachwa wazi, hupatikana anasoma, nalo ni neno sahihi. Vivyo hivyo, jedwali la mfumo wa faili huweza kuwa na nafasi zilizo wazi na bado likawa jedwali sahihi. Mfumo wa kusoma tu hujaza nafasi za kusoma na kuziacha wazi nafasi za kuandika. Programu ikiomba jambo ambalo nafasi yake iko wazi, kiini chenyewe hurudisha jibu la kosa.

4. Mpangilio wa romfs katika diski

Mfumo unaokubali kuandikwa hauna budi kuwa na hesabu ya nafasi zilizo huru, kwa kuwa faili hukua, hupungua na kufutwa. Faili moja huweza kutawanyika katika vipande vingi, na kila kipande hutaka kielekezi chake. Mfumo usioandikwa hauhitaji lolote katika hayo. Faili zote hujulikana kabla, na ukubwa wake haubadiliki. Kwa hiyo huweza kupangwa moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa kipande kimoja kisichokatika, bila pengo la kungojea ukuaji.

Swali huzuka: ikiwa mfumo hauandikwi, nani aliyeweka faili ndani yake? Jibu ni kwamba taswira nzima ya mfumo hutungwa nje ya kiini na programu ya kawaida, kwa upande wa romfs programu iitwayo genromfs. Programu hiyo huisoma saraka iliyoandaliwa na kutoa faili moja kubwa yenye mpangilio unaotakiwa. Kazi ngumu ya kupanga hufanywa mara moja tu, mahali ambapo kosa halina madhara makubwa, na kiini hubakiziwa kazi nyepesi ya kusoma.

Taswira ya romfs huanza hivi. Baiti 8 za kwanza ni herufi "-rom1fs-", ambazo ndizo kitambulisho. Baiti 4 zinazofuata ni ukubwa wa taswira nzima. Baiti 4 nyingine ni jumla ya uhakiki. Baada ya hapo, kuanzia baiti ya 16, huandikwa jina la taswira, likimalizwa kwa baiti ya sifuri na kujazwa sifuri zaidi mpaka lifikie kizidishio cha 16. Kisha huanza vichwa vya faili.

Kila kichwa cha faili nacho huanza katika kizidishio cha 16, nacho kina namba nne za baiti 4 kila moja. Ya kwanza ni mahali pa kichwa kinachofuata katika saraka ile ile. Ya pili ni taarifa ya ziada, ambayo maana yake hutegemea aina ya faili. Ya tatu ni ukubwa wa data. Ya nne ni jumla ya uhakiki ya kichwa. Baada ya namba hizo huja jina la faili, lililojazwa mpaka kizidishio cha 16, na mara baada ya jina huja data yenyewe.

Hapa pana hila ndogo ya kuangaliwa. Kwa kuwa kila kichwa huanza katika kizidishio cha 16, biti 4 za mwisho za namba ya mahali pake ni sifuri daima. Mtungaji wa romfs hakuziacha zipotee bure. Biti 3 katika hizo hubeba aina ya faili: 0 ni kiungo kwa faili nyingine, 1 ni saraka, 2 ni faili ya kawaida, 3 ni kiungo cha ishara, na 4 mpaka 7 ni za vyombo na njia za mawasiliano. Biti ya nne, yenye thamani ya 8, huonyesha kwamba faili yaweza kutekelezwa, au kwamba saraka yaweza kuingiwa.

Namba zote huandikwa zikianza na baiti iliyo kubwa. Kiswahili husoma namba kwa utaratibu huo: arobaini na tano, makumi kwanza, kisha mamoja. Kiarabu, ambacho kimekopesha Kiswahili neno arobaini lenyewe, husema tano na arobaini, kilicho kidogo kwanza. Vichakato vya Intel huhifadhi namba kwa utaratibu huo wa pili. Kwa hiyo moduli haina budi kugeuza kila namba inayoisoma. Ikisahau, namba 73 iliyoandikwa kwa baiti 0, 0, 0, 73 itasomwa kuwa 1,224,736,768, na moduli itatafuta faili mahali pasipokuwapo.

5. Mfano wa taswira ndogo

Na ichukuliwe taswira iitwayo hazina, yenye faili moja tu iitwayo barua, ambayo ina baiti 40. Kitambulisho, ukubwa na jumla ya uhakiki huchukua baiti 0 mpaka 15. Jina hazina pamoja na sifuri zake huchukua baiti 16 mpaka 31.

Katika baiti ya 32 huanza kichwa cha mzizi, ambao jina lake ni nukta moja. Namba yake ya kwanza ni 73. Ikigawanywa kwa 16, hupatikana 4 na baki 9. Mara nne kumi na sita ni 64: hapo ndipo kilipo kichwa kinachofuata. Baki 9 ni 8 na 1, yaani saraka inayoweza kuingiwa. Namba ya pili ni 32, kwa sababu kwa saraka taarifa ya ziada ni mahali pa kichwa cha kwanza kilichomo, na hapa kichwa hicho ni nukta yenyewe.

Katika baiti ya 64 huanza kichwa cha nukta mbili, ambazo huelekeza saraka ya juu. Namba yake ya kwanza ni 96, isiyo na baki. Aina yake basi ni 0, kiungo, na taarifa ya ziada ni 32, yaani mzizi.

Katika baiti ya 96 huanza kichwa cha barua. Namba ya kwanza ni 2: mahali pa kinachofuata ni 0, maana yake hakuna kingine, na aina ni faili ya kawaida. Ukubwa ni 40. Namba nne na jina huchukua baiti 32, kwa hiyo data huanza katika baiti ya 128 na kuishia ya 167, kisha hujazwa sifuri mpaka ya 175. Taswira nzima ni baiti 176, yaani namba 44 za baiti 4. Programu iliyoitunga taswira huchagua jumla ya uhakiki kwa namna ambayo namba zote 44 zikijumlishwa, biti 32 za mwisho za jibu ziwe sifuri. Katika taswira iliyo kubwa, hujumlishwa baiti 512 za kwanza tu.

6. Kazi za moduli

Moduli ina funksheni mbili zilizo za lazima: ya kuingilia na ya kutokea. Amri "insmod" inapotolewa, kiini huiweka moduli katika kumbukumbu yake na kuiita funksheni ya kuingilia. Funksheni hiyo hufanya jambo moja kubwa: hukipa kiini jina la mfumo wa faili na funksheni itakayoitwa mtu atakapotaka kupachika. Amri "rmmod" inapotolewa, funksheni ya kutokea huliondoa jina hilo. Kiini hukataa kuiondoa moduli ikiwa taswira yoyote ya aina yake bado imepachikwa, kwani kufanya hivyo ni sawa na kuibomoa ngazi watu wakiwa darini.

Kupachika ndiko kunakofuata. Moduli husoma baiti 512 za kwanza za chombo, huthibitisha kitambulisho, huangalia kwamba ukubwa ulioandikwa unakubalika, na kujumlisha namba. Jibu lisipokuwa sifuri, moduli hukataa na kurudisha kosa. Likiwa sifuri, huweka alama kwamba mfumo huu ni wa kusoma tu, hukipa kiini jedwali la funksheni zake, huunda inodi ya mzizi na kuikabidhi. Tangu hapo saraka ya kupachikia huonyesha yaliyomo katika taswira.

Kuunda inodi si kazi ngumu. Moduli hupewa mahali pa kichwa na kukisoma. Ikikuta kwamba aina ni 0, hukifuata kiungo mpaka ifikie faili halisi. Kisha hujaza ukubwa, aina, na mahali data inapoanzia. Namba ya inodi ni mahali pa kichwa penyewe: inodi ya barua ni ya 96. Romfs haihifadhi mwenyewe wa faili wala saa ya mwisho ya kubadilishwa. Kwa hiyo faili zote huonekana kuwa mali ya msimamizi mkuu, na tarehe zake zote ni tarehe 1 Januari 1970, ambayo kwa mifumo ya ukoo wa Unix ndiyo sifuri ya wakati.

Kutafuta jina hufanywa kwa kufuata msururu. Moduli husoma kichwa cha saraka, huenda kwenye kichwa cha kwanza kilichomo, hulilinganisha jina lililomo na jina linalotakiwa, na yasipolingana huenda kwenye kichwa kinachofuata, mpaka lipatikane au mpaka ikutane na 0. Jina lisipopatikana, moduli hukijulisha kiini hivyo, na kiini hulikumbuka hata jibu hilo la kukosekana ili swali lile lile lisiulizwe tena. Kuorodhesha saraka ni mwendo huo huo, ila badala ya kulinganisha, kila jina hutolewa.

Kusoma data hufanywa kwa kurasa. Katika mashine nyingi ukurasa una baiti 4096. Programu ikiomba kusoma barua, kiini huandaa ukurasa mtupu na kuiamuru moduli iujaze. Moduli hunakili baiti 40 kuanzia ya 128, kisha hujaza sifuri katika baiti 4056 zilizobaki. Kujaza huko si urembo. Ukurasa huo huenda ulikuwa na mabaki ya data ya mtu mwingine, na bila kufutwa mabaki hayo yangeweza kumfikia asiyehusika. Ukurasa ukishajazwa, kiini huuweka katika hifadhi yake ya muda, na usomaji unaofuata hautaigusa diski.

Na kuandika je? Hakuna funksheni ya kuandika. Programu ikijaribu kuifungua barua ili iandike, tabaka la kati huona alama ya kusoma tu na kurudisha kosa la namba 30, ambalo maana yake ni kwamba mfumo wa faili ni wa kusoma tu. Moduli haikuulizwa hata kidogo. Hata kama alama hiyo ingekosekana, nafasi za kuunda, kufuta na kubadili jina ziko wazi katika jedwali, na ombi lingekwama hapo. Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya ruhusa na uwezo. Katika mfumo wa kawaida faili huweza kunyimwa ruhusa ya kuandikwa, lakini msimamizi mkuu huweza kuirudisha ruhusa hiyo kwa amri moja. Katika romfs hakuna ruhusa ya kurudishwa, kwa kuwa kitenzi chenyewe hakimo.

7. Kutoiamini diski

Mwanafunzi anayeandika moduli yake ya kwanza hudhani kwamba taswira ni sahihi kwa sababu ameitunga mwenyewe. Dhana hiyo ndiyo chanzo cha makosa mabaya. Diski huharibika, na taswira huweza kutungwa na mtu mwenye nia mbaya. Kila namba inayotoka katika taswira haina budi kuchukuliwa kama dai linalohitaji ushahidi.

Mambo matatu yatakiwa kuangaliwa kila mara. Kwanza, mahali pa kichwa pasizidi ukubwa wa taswira, la sivyo moduli itasoma nje ya mipaka. Pili, urefu wa jina uwe na kikomo, kwani jina lisilomalizwa kwa sifuri lingeweza kusomwa bila mwisho. Tatu, msururu wa vichwa usijizunguke: kichwa kinachoelekeza nyuma, kwa mfano cha barua kikielekeza 64 badala ya 0, humfanya mtafutaji azunguke milele, naye akiwa ndani ya kiini hakuna wa kumkatiza kwa urahisi. Jumla ya uhakiki haitoshi kuzuia haya, kwani huangalia baiti 512 za kwanza tu, na yeyote anayejua kujumlisha huweza kuitunga upya.

Kwa sababu hizo, inafaa moduli ijaribiwe katika mashine ya kuigiza, kama ile inayotolewa na programu ya QEMU, ambamo kuanguka kwa kiini hakumpotezei mtu chochote. Taswira nayo haihitaji diski ya pekee. Linux huweza kuichukulia faili ya kawaida kama kwamba ni diski, na kuipachika.

8. Faida, mipaka, na waliofuata

Maelezo ya mfumo wenyewe yanayoambatana na Linux yalitoa vipimo vya wakati ule: moduli ya romfs ilichukua baiti 4000 hivi, chini ya ukurasa mmoja, ilhali moduli ya mfumo wa Minix ilizidi baiti 20000. Udogo huo ulikuwa na maana kubwa katika diski za kusakinishia za miaka ile, ambazo zilikuwa na nafasi ya megabaiti 1.44 tu.

Mipaka yake nayo ni dhahiri. Romfs haibani data. Kutafuta jina kwa kufuata msururu ni kwepesi katika saraka ya faili kumi, bali huchosha katika saraka ya faili elfu kumi. Ukubwa huandikwa kwa biti 32, kwa hiyo taswira haiwezi kuzidi gigabaiti 4. Wengine walijenga juu ya wazo hilo hilo. Mwaka 1999 Torvalds mwenyewe aliandika cramfs, inayobana kila ukurasa peke yake. Squashfs ya Phillip Lougher, inayobana zaidi na kukubali taswira kubwa sana, iliingizwa katika kiini mwaka 2009. Mfumo uitwao EROFS, uliotoka katika kampuni ya Huawei, uliingia mwaka 2018 na hutumika katika simu. Yote hiyo ni ndugu: hutungwa nje, husomwa ndani.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kusoma tu ni kinga dhidi ya kila tendo. Mfumo huzuia kuandika kupitia faili. Haumzuii aliye na uwezo juu ya chombo chenyewe kubadilisha baiti moja moja, au kuitupa taswira nzima na kuweka nyingine. Anayetaka uhakika wa namna hiyo hana budi kuhesabu alama ya hesabu ya taswira nzima na kuihifadhi mahali pengine, ili kila nakala iweze kulinganishwa nayo.

9. Hitimisho: faida kwa wataalamu wa lugha

Kwa mwenye kufanya kazi ya lugha, jambo hili si geni kama linavyoonekana. Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji huo kama ilivyoonwa na wafanyakazi wa nyumbani. Johannes Fabian alipoyachapisha maandishi hayo mwaka 1990, aliweka pia picha za kurasa zenyewe, kwa kuwa tahajia yake isiyofuata Kiswahili sanifu ni sehemu ya ushahidi. Msomaji aliyezoea usanifu, akilifungua andiko la namna hiyo katika kompyuta, hushawishika kusahihisha herufi hapa na nafasi pale, kisha akahifadhi. Hakuna aliyekusudia kuharibu, lakini baada ya mikono kumi asili haipo tena, wala hakuna anayejua ilipotea lini.

Mkusanyo wa maandishi na wa sauti uliowekwa katika taswira ya kusoma tu huepuka ajali hiyo. Kila mwanafunzi hupata nakala iliyo sawa na ya mwenzake, baiti kwa baiti. Anayetaka kusahihisha, kufasiri au kufafanua hulazimika kuandika kazi yake kando, kwa jina lake na kwa tarehe yake. Umeme ukikatika katikati ya usomaji, hakuna kilichokuwa kikiandikwa katika taswira, na kwa hiyo daftari lake halibaki nusu.

Kuhusu lugha yenyewe, msomaji ameona kwamba maneno machache tu yamekopwa: moduli, inodi, funksheni, baiti na mengine ya namna hiyo. Sehemu kubwa ya maelezo imebebwa na maneno yaliyokuwamo tayari: kiini, mzizi, kichwa, msururu, kupachika. Upungufu wa istilahi hutajwa mara nyingi kuwa ndio unaokizuia Kiswahili kuingia katika madarasa ya sayansi ya kompyuta nchini Kongo, ambako ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Mfano huu mdogo waonyesha kwamba istilahi hupatikana kazi inapofanywa. Linalobaki ni kwamba wanaojua kompyuta na wanaojua lugha wakae meza moja, wachague mada moja baada ya nyingine, na kuziandika mpaka mwisho wake.